Mvuke, Friji na Viporo: Tulivyopunguza Gharama za Chakula na Nishati Nyumbani

Kabla ya kubadili chochote tulipima kwa wiki mbili. Kila siku saa moja asubuhi namba ya mita iliandikwa kwenye karatasi ukutani. Kila Jumapili mtungi wa gesi ulipandishwa kwenye mizani, kisha ukatolewa uzito wa mtungi mtupu, ambao huwa umepigwa chapa kwenye mtungi wenyewe. Na kila chakula kilichokwenda kwenye ndoo ya taka kilipimwa na kuandikiwa sababu: kilipikwa kingi, kilisahauliwa, au kilinunuliwa bila mpango. Asiyepima hujibana mahali pasipo na faida. Kuna nyumba zinazogombana juu ya chaja ya simu iliyoachwa ukutani wakati chaja hiyo, hata ikila nusu wati usiku na mchana, haifikishi uniti 5 kwa mwaka mzima (uniti moja ni kilowati 1 kwa saa nzima). Mtu mmoja anayeoga dakika 10 kila siku kwa hita ya papo hapo ya kilowati 5 humaliza kiasi hicho ndani ya wiki moja.

Vipimo vikikusanyika, utaona pesa inapotelea sehemu tatu: joto la kupikia na kuogea, friji, na taka. Mengine ni chenji.

Hesabu iliyobadili upishi wetu ni hii. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 335 hivi, sawa na uniti 0.09 ya umeme. Kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257 nyingine, karibu mara 7 ya zile za mwanzo. Kwa hiyo kinachokula gesi si kuichemsha sufuria, ni kuiacha iendelee kuchemka ikiwa wazi. Maji yanayofurukuta kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayotokota taratibu. Yote yako nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari, na hupungua nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Moto mkali baada ya kuchemka hauivishi chakula haraka, unaongeza mvuke tu.

Tunachofanya sasa: tunainjika na mfuniko tangu mwanzo, moto wa juu hadi chakula kichemke, kisha moto unashushwa hadi tuone kipovu kimoja kimoja kikipanda katikati. Mfuniko unaocheza na kurusha maji ni dalili kwamba moto bado mkubwa. Miali ikionekana kupanda kando ya sufuria, hiyo inapasha joto jiko na mpishi. Ama ipunguze, ama hamia kwenye plati ndogo. Mwali wa gesi ukiwa wa njano na kuacha masizi, gesi haiungui yote: toa kichwa cha plati, kioshe, zibua matundu kwa pini, kikaushe kabisa kabla ya kukirudisha. Mimi sufuria isiyo na mfuniko wake siinunui, hata iwe ya bei ya kutupa.

Maharage yanastahili maelezo marefu zaidi, maana ndiyo yanayomaliza nishati nyingi kwa sahani moja. Tunayaloweka kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji mara 3 ya ujazo wake, na kijiko 1 cha chai cha chumvi kwa kila lita. Chumvi kwenye maji ya kuloweka hulainisha ganda. Ile imani kwamba chumvi huyakaza imetoka kusikojulikana. Kinachoyakaza kweli ni asidi: nyanya, limau, ukwaju. Viungo hivyo huingia baada ya maharage kuiva, si kabla. Maji magumu yenye chokaa nyingi nayo huchelewesha. Na maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu yanaweza yasilainike kabisa hata uyapike kutwa. Hapo kosa ni la gunia, si la mpishi. Magadi huyalainisha haraka, ila huharibu vitamini B1 na yakizidi huacha ladha ya sabuni, kwa hiyo tumeyaacha.

Asubuhi tunamwaga maji ya kuloweka, tunaweka mapya, na kuchagua moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni presha kuka. Ndani yake joto hufika karibu nyuzi 120, kwa hiyo maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 20 hadi 30 tangu presha ipande. Usijaze zaidi ya nusu, kwa sababu maharage huvimba na povu huziba tundu la mvuke. Weka kijiko cha mafuta kupunguza povu. Kosa la kawaida ni kuacha moto mkubwa baada ya presha kupanda: mvuke unaotoka kwa kelele ni gesi unayoilipia bure. Moto ushuke hadi kiwe kinazomea kidogo tu. Mvuke ukivuja pembeni, mpira wa mfuniko umekauka au umepasuka. Ubadilishwe, usifungwe kwa kitambaa. Na mfuniko haufunguliwi mpaka presha ishuke yenyewe.

Njia ya pili ni kapu la joto, yaani kapu au boksi lililojazwa vitambaa, sufi au nyasi kavu, unene usiopungua sentimita 10 pande zote, chini na juu pia. Watu wengi husahau chini na juu, kisha wanasema kapu halifanyi kazi. Maharage yaliyolowekwa huchemka kwa nguvu dakika 15 hadi 20 jikoni, yanaepuliwa na mfuniko wake bila kufunuliwa, yanazikwa kapuni saa 3 hadi 4. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, maana chakula kidogo hupoa haraka. Punguza maji robo hivi kuliko kawaida kwa sababu hakuna mvuke unaotoka. Ule mchemko wa mwanzo haurukwi: maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo huharibiwa kwa kuchemka kikamilifu angalau dakika 10, na joto la chini lisilofika mchemko haliiondoi. Yakitoka kapuni lazima yawe bado ya moto kiasi cha kutoshikika. Yakiwa vuguvugu, kapu linavuja. Mchele ni rahisi zaidi: uchemke dakika 5, kisha kapuni dakika 45 hadi saa moja. Na huo hauna ukoko, jambo ambalo watoto walilalamikia kuliko yote.

Tunapika maharage ya milo mitatu kwa mpigo. Kilo 1 makavu hutoa kilo 2.3 hadi 2.5 yaliyoiva. Sehemu ya leo inaungwa, nyingine zinagandishwa bila kuungwa, pamoja na supu yake kidogo, kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja. Yakiungwa kabla ya kugandishwa, yote yanakuwa na ladha moja na nyumba inayachoka.

Tukija kwenye friji, usiidhani, ipime. Usiku zima kila kitu isipokuwa friji, soma mita unapolala na unapoamka. Ikiwa zimepita saa 8 kati ya vipimo viwili, zidisha tofauti yake kwa 3, ongeza kidogo kwa sababu mchana mlango hufunguliwa. Friji ya nyumbani iliyo nzima hula kati ya nusu uniti na uniti moja na nusu kwa siku. Ikila 3, kuna hitilafu. Anza na mpira wa mlango: fungia karatasi, ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umelegea au mchafu; uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kufikiria mpya. Kisha vumbi la mabomba ya nyuma, na nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Barafu kwenye friza ikizidi milimita 5, iyeyushe, wala usiibandue kwa kisu. Tundu moja kwenye bomba ndilo mwisho wa friji.

Namba za kitasa cha ndani, kile cha kurekebishia baridi, zinawachanganya wengi. Si nyuzi joto. Katika friji nyingi za kitasa, namba kubwa ni baridi zaidi, kwa hiyo anayeweka 7 akidhani ni nyuzi 7 anaiendesha mashine bila kupumzika. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, ukiache usiku kucha, urekebishe hadi upate nyuzi 3 hadi 5. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Chini zaidi ya hapo ni kulipia baridi usiyoihitaji.

Kwenye maji ya kuogea hakuna ujanja mwingi. Hita ya kilowati 5 kwa dakika 10 ni uniti 0.83. Watu watano ni zaidi ya uniti 4 kwa siku, yaani friji kadhaa. Ndoo ya lita 20 inayopashwa kutoka nyuzi 20 hadi 40 ni chini kidogo ya nusu uniti. Tulikubaliana dakika 5 kwa kila mtu na kufunga maji wakati wa kujipaka sabuni. Hiyo pekee ilizidi akiba yote ya taa, ingawa taa nazo si za kudharau: balbu ya wati 60 ikibadilishwa kwa ya LED ya wati 9, ikiwaka saa 5 kwa siku, huokoa uniti 7.6 kwa mwezi. Pasi ni mara moja kwa wiki, nguo zikiwa na unyevu kidogo, ukianza na vitambaa vya joto dogo.

Chakula sasa. Karatasi ya taka ilionyesha kwamba tatizo si kununua ghali, ni kununua kabla ya kutazama. Siku hizi orodha ya manunuzi inaandikwa mbele ya friji na kabati vikiwa wazi, milo ya siku tano tu. Siku mbili zinaachwa kwa viporo. Bei inalinganishwa kwa kilo inayoliwa, si kwa pakiti. Nyama yenye mfupa, ikiwa robo ya uzito ni mfupa, gawanya bei yake kwa 0.75 ndipo uilinganishe na steki. Mara nyingi yenye mfupa bado inashinda, na mfupa unatoa supu, lakini usikubali bila hesabu. Ukubwa wa gunia pia hudanganya: nafuu ya jumla inaweza kuisha ukitupa sehemu moja ya kumi.

Nafaka na kunde za jumla zikifika huingia friza kwa mafungu, siku 4 kila fungu kwenye mfuko uliofungwa, ili mayai ya fukusi yafe. Ukitoa, usifungue mpaka mfuko upate joto la chumba. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya nafaka na baada ya wiki unapata ukungu. Kisha chombo kisichopitisha hewa, chenye tarehe. Kilichoingia mwanzo hutoka mwanzo.

Mboga za majani hazikai na ndizi mbivu wala tufaha, maana matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayozifanya ziwe njano. Zifungwe kwenye kitambaa kikavu ndani ya friji. Viazi vikae gizani, penye hewa, mbali na vitunguu. Mkate usiweke friji, huwa mgumu haraka kuliko nje. Ugandishe ukiwa umekatwa, utoe kipande kwa kipande.

Viporo ndipo akiba na hatari hukutana. Chakula kilichoiva kinaingia friji ndani ya saa 2, kikiwa kwenye chombo cha kina kisichozidi sentimita 5 ili kipoe upesi. Wali una haraka zaidi: ndani ya saa 1, uliwe kesho yake, kwa sababu bakteria wake huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Pasha mara moja tu, mpaka mvuke utoke katikati. Rafu ya usawa wa macho ni ya viporo, na kila chombo kina siku yake kwenye kipande cha tepu. Kisichoonekana hakiliwi.

Kupunguza viporo vyenyewe, tunapima: gramu 75 hadi 100 za mchele mkavu kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto mdogo, na sahani ya kwanza ndogo, anayetaka aongeze. Kila kitu pia kina mwenyewe. Mtoto mmoja anasoma mita, mwingine anaandika taka, mmoja tu ndiye mnunuzi. Wakiwa wanunuzi wawili, nyanya zinakuja mara mbili.

Baada ya mwezi, pima tena kwa idadi ile ile ya siku. Kama mlikuwa na wageni, gawanya chakula na gesi kwa idadi ya sahani zilizoliwa, si kwa siku, na maji ya moto kwa idadi ya watu walioyaoga. Vinginevyo mgeni mmoja mpenda kuoga atakufanya uite fundi wa friji.