Nilivyoipandisha Debian (mfumo wa Linux) kwenye bodi ya H3 isiyokuwa na faili lake la maelezo

Bodi yenyewe, yaani kompyuta ndogo ya sakiti moja, ni ya kawaida: chipu ya Allwinner H3 yenye kori nne za Cortex-A7, RAM ya DDR3 ya MB 512, Ethaneti ya Mbps 100 na tundu la memori kadi. Iliuzwa ikiwa na Linux 3.4 ya kale, basi. Nilitaka Debian yenye keneli (kiini cha mfumo) ya kisasa, lakini U-Boot, programu inayoanza kwanza na kuipakia keneli, haikuwa na jina la bodi hii, na keneli vivyo hivyo.

Kabla ya msimbo wowote niliunganisha waya wa siriali, unaoonyesha ujumbe wa bodi kwenye kompyuta: adapta ya USB ya volti 3.3 (ya volti 5 inaweza kuunguza pini), GND (ardhi) kwa GND, TX (kutuma) kwa RX (kupokea), RX kwa TX, kasi 115200. VCC (pini ya umeme) usiiguse. Makosa ya hatua za mwanzo hayatokei kwenye HDMI kamwe. Angalia pia kwamba umeme huvuja kutoka kwenye adapta kupitia pini ya RX, hivyo ukichomoa chaji bodi huenda isizimike kabisa. Chomoa vyote viwili kabla ya kuwasha upya.

Ramani ya bodi niliipata ndani ya mfumo ule ule wa kale. Lina faili la `script.bin`, na `bin2fex` ya sunxi-tools huligeuza kuwa maandishi: pini za kadi, taa, USB, volti za prosesa, pamoja na `dram_clk`. Nililinganisha na Orange Pi One, ambayo ina chipu na RAM za namna hiyo, nikanakili `orangepi_one_defconfig` (mipangilio ya U-Boot) na `sun8i-h3-orangepi-one.dts` (faili linaloieleza keneli vifaa na pini za bodi), kisha nikabadilisha palipotofautiana tu. Kuandika upya kila kitu ni kujitafutia kazi.

Baada ya kukompaili U-Boot niliiandika kwenye kadi (`sdX` ni jina la kadi kwenye kompyuta):

`dd if=u-boot-sunxi-with-spl.bin of=/dev/sdX bs=1024 seek=8 conv=fsync`

H3 husoma kipande cha kwanza cha kuwashia kuanzia KB 8 ya kadi. Ndiyo maana kadi iwe na jedwali la patisheni la aina ya MBR na patisheni ya kwanza ianzie MB 1; jedwali la aina ya GPT hukalia eneo hilo hilo, vikilazimishwa pamoja kimoja kitafuta kingine. Wakati wa majaribio sikuandika kadi kila mara. Bodi isipopata kadi huingia FEL (hali ya kupokea programu kwa USB), na ukiichomeka kwenye kompyuta kwa tundu lake la USB OTG, `lsusb` huonyesha 1f3a:efe8. Hapo `sunxi-fel uboot` hupeleka faili moja kwa moja kwenye RAM.

RAM ndiyo iliyohitaji subira. Bodi ikikwama kwenye neno "DRAM:", au ikisoma MB 0, shuku kasi ya RAM au `CONFIG_DRAM_ZQ` (thamani ya kurekebisha ukinzani wa njia za RAM), zote zikiwa kwenye defconfig. Hali mbaya zaidi ni bodi kuwaka vizuri halafu programu zinaanguka ovyo bila mpangilio. Watu hulaumu kadi, kumbe ni RAM. Shusha `CONFIG_DRAM_CLK` (kasi ya RAM) hadi MHz 480, pima kwa `memtester`, kisha panda taratibu.

Keneli niliikompaili kwa `sunxi_defconfig`. Faili jipya la .dts liongezwe pia kwenye Makefile ya `arch/arm/boot/dts/allwinner`, la sivyo .dtb, yaani .dts iliyokompailiwa ambayo keneli huisoma, haitatengenezwa. Keneli ikisimama kwenye "Waiting for root device", mara nyingi pini ya kutambua kadi (PF6 kwenye bodi nyingi) imeandikwa vibaya au haipo kabisa. Kwenye .dts weka `broken-cd` (usitegemee pini hiyo) badala ya `cd-gpios`, uendelee.

Volti za prosesa zisikisiwe. Orange Pi One hubadilisha kati ya volti 1.1 na 1.3 kwa pini ya PL6. Kama bodi yako ina volti moja tu ya 1.1 na umeacha maelezo hayo kwenye .dts, keneli itaamini imepandisha volti, itakimbiza MHz 1008 kwa umeme wa MHz 816, na bodi itaganda ikipewa kazi nzito. Mimi ningeondoa kasi za juu kuliko kubahatisha. Hakikisha pia `ethernet0` iko kwenye sehemu ya `aliases` ya .dts. Bila hiyo anwani ya MAC (kitambulisho cha mtandao cha bodi) hubadilika kila ukiwasha, na ruta itakuona mgeni daima.

Debian yenyewe ni kazi nyepesi: `debootstrap --arch=armhf --foreign` hupakua mfumo wa msingi, hatua ya pili hukamilishwa ndani ya folda yake (chroot) kwa qemu-user-static, inayoendesha programu za ARM kwenye kompyuta ya kawaida, halafu faili la kuwashia `/boot/extlinux/extlinux.conf` lenye `root=PARTUUID=...`, `rootwait` na `console=ttyS0,115200`.

Bodi haina betri ya saa, kwa hiyo saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika. `Apt`, kisakinishi cha Debian, hudai faili la Release bado halijaanza kutumika, na tovuti za HTTPS hukataa. Sakinisha `fake-hwclock`, inayohifadhi saa ya mwisho kwenye faili, ungali ndani ya chroot, kabla hujaiwasha bodi.