Kurasa zilizogandana

Siku ya kuvunja kikoba, sanduku lilikaa katikati ya mkeka, barazani, Ngamiani, Tanga. Kufuli tatu, washika funguo watatu, na hakuna kati yao aliyekuwa mwenyekiti wala mweka hazina. Wasichana 18, wiki 40. Hisa moja shilingi 1,000, mwisho hisa tano kwa wiki, na kila hisa muhuri mmoja kitabuni. (Mtindo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma; muhuri unahesabika hata na asiyejua herufi.)

Mikopo yote ilikwisharudi. Hapo sikuwa na mzaha: deni lililo nje siku ya mgao huwaumiza waliolipa. Mfuko wa jamii, yaani wa kusaidiana kwenye shida, tuliutenga kwenye kimfuko chake.

Beseni likahesabiwa: 2,164,500. Mihuri: 1,800. Tukapata 1,202 na ushei kwa hisa, tukashusha hadi 1,200, zikabaki 4,500. "Za soda hizo!" mmoja akadakia.

Muuza vitumbua akanyoosha mkono. "Samahani Mwalimu. Mimi sijakosa Ijumaa hata moja, na kila Ijumaa nanunua tano. Mbona nimesomewa 150?"

Nilimwamini kabla ya kushika kitabu. Alikuwa na kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko, akitia 1,000 kila jioni kabla hajanunua mchele wa kesho, siku sita. Ijumaa hapiki, 5,000 za hisa, 500 za jamii, 500 zinabaki za iliki. Kwenye mafunzo alikuwa wa kwanza kukubali kwamba mkaa nao ni gharama. Wenzake waliandika nazi, hamira, sukari na mafuta, mkaa wakausahau, wakashangaa faida inapotelea wapi.

Ukurasa una mistari kumi, vyumba vitano kila mstari: mihuri 50. Tano kwa wiki 40 ni 200, na zilizopungua ni 50 kamili. Basi si muhuri uliorukwa, ni ukurasa. Tulikuwa tukigonga upande mmoja tu wa karatasi kwa sababu wino ulivuja, na kitabu chake kilinuka mafuta ya kukaangia. Karatasi ya pili na ya tatu zilikuwa zimegandana. Akazibandua taratibu kwa ukucha, mihuri ya zambarau ikatokea, imefifia lakini yote ipo.

Kosa lilikuwa letu: mweka hazina alihesabu peke yake, kimyakimya. Tukarudia vitabu vyote 18 kwa sauti, mwenye kitabu akipitisha kidole mstari kwa mstari. 1,850. Hisa ikashuka hadi 1,170, bila baki. Aliyekuwa na hisa 100, aliyeshazipangia 120,000, akabaki na 117,000 na mdomo umevimba. Afadhali hela zilikuwa bado beseni.

Muuza vitumbua akapokea 234,000, akazihesabu mara mbili. Soda hazikunywewa.