Bidoni Iliyopasuka Kadutu

Mwezi wa 7 mwaka 2009, siku mbili kabla ya wakwe kufika kwetu Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, na mahari ya dada yangu, nilifanya jambo ambalo jamaa zangu hawajaacha kulitaja kila pombe inapofunguliwa. Nyanya alikuwa ameshuka kutoka Kabare na bidoni nne za kasiksi, yaani pombe ya ndizi, kila moja ya lita 20, naye shangazi alikuwa ametengeneza bidoni mbili za pombe ya mtama. Kasiksi ilikuwa na siku moja tu na bado ilikuwa tamu kama maji ya ndizi. Ile ya mtama ilikuwa imepitisha siku ya tatu na uchungu wake ulimfanya mtu afumbe jicho moja. Niliona wazi kwamba wageni wangeisifu moja na kuiacha nyingine, na shangazi si mtu wa kusahau.

Basi jioni, bila kuuliza, nilichanganya: majagi mawili ya kasiksi kwa jagi moja la mtama. Nilionja, nikaonja tena, na lazima niseme kwamba saa ile mchanganyiko ulikuwa mzuri kuliko pombe zote mbili, kwa sababu ukali wa mtama uliukata utamu wa ndizi bila kuuua. Nilijaza bidoni hadi shingoni, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote ili watoto wasiziguse.

Usiku wa manane mlio mmoja ulituamsha sote. Bidoni moja ilikuwa imepasuka ubavuni, nyingine zimevimba kama matumbo ya ng'ombe, na ukuta wa jikoni ulikuwa unachuruzika povu la kahawia. Nyanya alikuja na tochi, akatazama, akaanza kulegeza vifuniko kimoja kimoja, taratibu sana.

“Bwana yangu,” aliniambia, kwani ndivyo alivyoniita tangu utotoni, “pombe inapumua. Umeiziba pua.”

Baadaye nilielewa kilichotokea. Pombe ya mtama ilikuwa imekwisha kula karibu sukari yake yote, lakini hamira yake ilikuwa hai. Kasiksi ilikuwa bado na sukari nyingi. Nami nilikuwa nimewapelekea wenye njaa sahani iliyojaa, kisha nikafunga mlango. Kulipopambazuka utamu ulikuwa umekwisha, na kilichobaki kilikuwa kikavu na chenye nguvu. Wakwe walikunywa. Mzee mmoja aliomba kibuyu cha pili, mwingine aliacha chake nusu, na mazungumzo ya mahari yaliendelea bila matatizo.

Nyanya alibaki nasi juma moja zaidi, akaniamuru niunganishe pombe hizo upya, safari hii tangu mwanzo. Ndizi zilizoiva ndani ya shimo lililofunikwa kwa majani ya mgomba tulizimenya, tukazikanda pamoja na nyasi kavu hadi maji yakajitenga, tukayachuja na kuyazimua kwa maji kidogo. Hapo ndipo alipotoa mfuko wa unga wa mtama uliokaangwa, na mimi nikashangaa, kwa kuwa nilidhani mtama ni wa shangazi peke yake. Kumbe kila kasiksi niliyowahi kunywa kwake ilikuwa na mtama wa kuiamsha na kuipa rangi. Tulichofanya sisi ni kuongeza kimea cha shangazi, yaani mtama ulioloweshwa, ukachipuka, ukaanikwa na kusagwa. Tulitia konzi nane, kipimo ambacho nyanya alikibuni palepale na ambacho shangazi alikipinga mpaka mwisho.

Tulikifunika chombo kwa majani ya mgomba tu. Kwa kuwa usiku wa kiangazi huko Bukavu huwa na baridi, pombe ilichelewa, na siku ya pili nilikuwa na hakika kwamba tumeiharibu. Siku ya tatu povu lilipanda. Shangazi alionja wa kwanza, akanyamaza kidogo, kisha akasema konzi sita zingetosha.