Kuskusi ya Samaki Trapani

Kwetu Malindi mtoto hujua kusema "ciao" kabla hajajua kusoma. Waitaliano tumeishi nao tangu enzi za San Marco, kituo cha kule Ngomeni kilichorusha setilaiti yake ya kwanza kutoka baharini Aprili 1967, kisha zikafuata nyumba zao, hoteli zao na pizza zao. Mimi nimehudumia meza katika mkahawa wa Kiitaliano miaka sita, na Kiitaliano changu nilikiokota humo humo, baina ya jiko na meza. Kwa hivyo nilipojaliwa kusafiri Italia mwezi wa Oktoba, sikuwa na haja ya minara wala sanamu. Nilitaka na mimi niketi, niletewe.

Mteja mmoja mzee, mwenyeji wa Sicilia, alikuwa ameniusia: ukifika, nenda Trapani, tafuta trattoria ya watu wa hapo, uombe kuskusi ya samaki, yaani chenga za unga wa ngano zilizoivishwa kwa mvuke. Trattoria ni mkahawa wa familia. Mama yuko jikoni, watoto wako mezani, na chakula ni kile kilichopatikana sokoni asubuhi.

Nilitoka Napoli kwa treni. Tulipofika mlango wa bahari wa Messina mabehewa yalikatwa vipande, yakaingizwa ndani ya feri, tukavuka tukiwa bado ndani ya treni. Nimezoea feri ya Likoni, lakini hii ilibidi nishuke behewani niione kwa macho. Palermo nililala usiku mmoja, kesho yake nikapanda basi, na baada ya kama saa mbili nikawa Trapani.

Kilichonipokea ni chumvi. Mashamba ya chumvi yametanda upande wa kusini wa mji, maji ya bahari yamegawanywa kwa kuta za mawe, na vinu vya upepo vimesimama kati yake. Msimu wa kuvuna ulikuwa umekwisha, na chumvi ilikuwa imerundikwa vilima virefu, imefunikwa vigae vyekundu vya udongo isije ikanyeshewa. Nilisimama nikakumbuka Gongoni kwetu, chumvi ile ile nyeupe, jua lile lile linaloumiza macho, wanaume wale wale wenye visigino vilivyopasuka.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa mlangoni. Pamefungwa. Hapo nilisahau nilichowaeleza wageni kwa miaka yote ile, kwamba Mtaliano hali cha usiku kabla ya saa moja na nusu. Nikazunguka bandarini, nikarudi. Ndani mlikuwa na meza kama kumi, vitambaa vya karatasi, na picha za maharusi ukutani. Kijana akaniketisha, akaleta mkate. Mkate na kiti hulipiwa, wanaita coperto, hapo ilikuwa euro 2. Menyu ya kuandikwa hakuna. Alisimama akanitajia vyakula kwa kichwa. Nikamwambia nimefuata kuskusi.

Akacheka kwa upole. "Kuskusi huagizwa siku moja kabla. Nonna huanza asubuhi." Nonna kwao ni nyanya, bibi.

Basi usiku ule nikala busiate, tambi nene zilizosokotwa kama kamba. Zamani walizisokotea kwenye ujiti wa nyasi uitwao buso, na jina likatoka huko. Mchuzi wake haukupikwa. Hupondwa kwenye kinu: lozi, tungule mbichi, chumvi, mafuta ya zeituni, thomu nyekundu ya Nubia, kijiji kilicho pale pale kwenye mashamba ya chumvi, na mrehani. Mrehani! Kwetu huu tunautia kwenye vikuba, bibi harusi anukie. Nilipoinamia sahani, harufu iliyonijia ilikuwa ya nyumba yenye arusi.

Kijana aliporudi nikaagiza kuskusi ya kesho, nikamwuliza kama naweza kumwona nonna akifanya kazi. Akaingia jikoni, akatoka na jibu: saa mbili asubuhi, mlango wa nyuma.

Nonna ni mwanamke mfupi, amepita miaka themanini, ana kitambaa kichwani. Sikujua nimwamkie vipi. "Buongiorno" niliona haitoshi kwa mtu wa umri ule, na mkono wangu ukawa umeshatangulia, kama ninavyompa mkono nyanya yangu nikamwamkia. Mjukuu wake, yule kijana wa jana, akaona, akaniambia kwamba hata kwao vijana wa zamani walikuwa na salamu ya wakubwa, "sabbenedica", yaani nibariki. Nikaitamka. Bibi yule akanitazama kitambo, kisha akajibu, "Santu e riccu." Uwe mtakatifu na tajiri. Ni shikamoo na marahaba kabisa.

Mbele yake palikuwa na bakuli pana la udongo, mafaradda. Anamwaga semolina kidogo, ananyunyiza maji ya chumvi kwa ncha za vidole, na mkono mwingine unazungusha, unazungusha, mpaka unga unashikana ukawa chenga. Akaniachia nijaribu. Zangu zikawa madonge. Akaushika mkono wangu akaupunguzia mwendo bila kusema neno.

Chenga hizo huingia kwenye chungu chenye matundu, kinawekwa juu ya sufuria ya maji, na pale vinapokutana pakazibwa kwa ukanda wa unga uliokandwa, mvuke usipotee. Zikiiva humwagiwa supu ya samaki, hufunikwa, kisha bakuli zima huvikwa blanketi la sufu likapumzika saa nzima. Nikamweleza kwamba sisi wali wa nazi tunaupalia makaa juu ya kifuniko. Akataka kujua makaa mangapi. Lilikuwa swali la mpishi, na nilimjibu kwa makini.

Kuskusi si ya Sicilia peke yake. Tunisia iko ng'ambo tu ya bahari, Waarabu waliteremka Mazara, bandari ya Sicilia, mwaka 827, na hadi leo wavuvi wa Kitunisia wanaishi Mazara hiyo hiyo. Hata aina moja ya zabibu wanaiita zibibbo.

Usiku kuskusi yangu ilikuja kwenye sahani ya kina, na supu kando kwenye bakuli lake, imepikwa kwa scorfano, samaki mwekundu mwenye miiba na kichwa kikubwa, pamoja na tungule, lozi na mdalasini. Niliuliza kama ina mvinyo; hapana. Nikajimwagia upawa mmoja. Chenga zikainywa yote, zikabaki zimeachana, kila moja peke yake. Nikaongeza wa pili. Nilikula kimya, kwa kijiko, mpaka nikaona udongo wa sahani.

Nonna akatoka jikoni akijifuta mikono, akaangalia sahani yangu kabla ya kuniangalia mimi. Nikasimama.

"Sabbenedica."

"Santu e riccu," akasema, akanirudisha kitini, akamwita mjukuu alete upawa wa tatu.