Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Boti za Faiba, Entebbe

Watu wanaoniona nimevaa barakoa, mikono imeganda rezini, yaani gundi ya majimaji inayoshikamanisha faiba, hudhani kwamba mimi ni mpaka rangi. Kazi yangu ni kukarabati boti za faiba ufukweni Entebbe, na kazi hiyo huanza kwa kuelewa kwa nini mbunifu aliichora boti jinsi alivyoichora.

Saa 1 asubuhi huwa nimeshachanganya rezini, kwa kuwa joto la mchana huigandisha ndooni kabla hujaimaliza. Jumanne iliyopita, kufikia saa 3, nilikuwa nimetandika tabaka mbili za faiba kwenye boti ya injini iliyopasuka ubavu, nikanywa chai na chapati.

Saa 3 na nusu niligeukia boti ya matanga aina ya J/24, muundo wa Mmarekani Rod Johnstone ulioanza kuuzwa mwaka 1977. Sitaha yake ina mti wa balsa uliobanwa kati ya tabaka mbili za faiba, jambo linaloifanya iwe nyepesi na ngumu kwa pamoja, ila maji yakipenya kwenye tundu la skrubu balsa huoza bila kuonekana kwa nje. Hupimwa kwa sikio. Nilipita na nyundo ndogo nikigonga taratibu. Palipo pazima palilia kwa mlio mkavu, na karibu na mlingoti mlio ukawa mzito kama wa papai lililoiva mno. Chini ya maji boti ilikuwa na malengelenge, ugonjwa unaozisumbua zaidi boti za maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa letu, na nilipolitoboa moja likatoa majimaji yenye harufu ya siki.

Saa 5 mwenyewe akafika, na hapo ndipo siku ilipoharibika. Ufuko wake una kina kifupi, na boti hii huhitaji maji ya mita 1.22 kwa sababu ya mkuku, lile pezi zito linaloshuka chini yake.

"Fundi, huo mkuku nikatie sentimita 40 tu."

"Mzee, boti nzima ina kilo 1,406, na kilo 431 kati ya hizo ni madini ya risasi ya huo mkuku," nilimjibu. Nilimweleza kwamba upepo unapoilaza boti, risasi ndiyo huivuta isimame tena, na kadiri uzito unavyokaa chini zaidi majini ndivyo unavyovuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ukikata ncha unaondoa kilo zile zile zinazofanya kazi kubwa kuliko zote. Ubapa wa mkuku nao huizuia boti isisukumwe kando inapokwenda kuukabili upepo.

Akasema mitumbwi ya wavuvi huenda visiwa vya Ssese bila mkuku wa namna hiyo. Ni kweli, lakini mitumbwi hiyo haibebi mlingoti mrefu wala matanga makubwa kiasi hicho, na dhoruba za Ziwa Victoria huja ghafla. Akampigia simu mpwa wake, ambaye alikuwa ametazama video, nikalazimika kueleza yote upya kwa simu, huku umeme umekatika na grenda imelala. Kama alitaka boti ya maji mafupi, angenunua Catalina 22 ile ambayo mkuku wake huinuliwa kwa winchi, kwa sababu hiyo ilichorwa hivyo tangu mwanzo.

Chakula cha mchana kilinipita. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi alipokubali kuifunga boti kwenye boya penye kina na kuifikia kwa kamtumbwi. Najua tu kwamba mgongo ulikuwa unauma na umeme ulikuwa haujarudi.

Kisha akaomba nimpunguzie bei, kwa kuwa mkuku sikuukata. Nilimwonyesha sehemu ya sitaha niliyoizungushia chaki, nikamwambia balsa iliyooza nitaanza kuitoa kesho yake asubuhi, na bei ni ile ile.