Nilivyojiandaa kwa dan ya tatu ya taekwondo

Kanuni za Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo kule Seoul, zinamtaka mwenye dan (ngazi ya mkanda mweusi) ya pili angoje angalau miaka 2 kabla ya kutahiniwa dan ya tatu. Ukumbini kwetu Mombasa wengi huitumia miaka hiyo kuongeza kimo na kasi ya mateke. Mimi niliitumia zaidi kujifunza kusimama kwa mguu mmoja, na ninaamini ndiko kulikonivusha.

Sababu ni Keumgang, moja ya pumsae, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa. Mtahiniwa wa dan ya tatu anaweza kuombwa pumsae za awali, yaani Taegeuk yoyote kati ya zile 8, na Koryo, lakini pumsae inayompima hasa ni hii. Ina miondoko 27 na haina hata teke moja. Fikiria: mchezo unaosifika dunia nzima kwa mateke, halafu ukishapanda ngazi unaambiwa miguu ishike ardhi tu. Unakwenda mbele ukipiga kidevu kwa kiganja, unarudi nyuma ukikinga, na papo hapo, mwili ungali unataka kuendelea kurudi, unainua mguu wa kushoto hadi kwenye goti la kulia. Mkono mmoja juu, mwingine chini, uso umegeukia kushoto. Mwondoko huo hufanywa taratibu, kwa hiyo kasi haiwezi kukusaidia kuficha kuyumba.

Mwalimu wangu ni mdogo kwangu kwa umri, ila ukumbini yeye ni sabomnim, yaani mwalimu kwa Kikorea, na ninamwinamia kama wenzangu wote. Aliniambia, "Dada, usishindane na huo mguu. Bana sakafu kwa kidole gumba, goti legeza kidogo." Basi nikawa nasimama hivyo nikipiga mswaki, nikingoja chai ichemke, baadaye nikiwa nimefumba macho.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni mchanga. Jumapili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nilikuwa nikienda ufuoni Bamburi kufanya Keumgang kwenye mchanga mbichi. Kila hatua inaacha ushahidi. Kisigino kikizama kuliko vidole, ujue uzito umebaki nyuma; hatua ya kushoto ikiwa fupi kuliko ya kulia, unaiona kwa macho yako. Pumsae hii hufuata mstari wenye umbo la herufi ya Kichina ya mlima, ile yenye vijiti vitatu vilivyosimama, na ukimaliza unapaswa kuwa umerudi ulipoanzia. Nilikuwa nikigeuka kutazama kama mlima wangu umenyooka. Hakuna kioo wala video ya simu iliyonifundisha namna hiyo, na kama una ufuo karibu, nakusihi uutumie.

Jambo la pili: nilifanya mazoezi ya Keumgang nikiwa nimechoka. Vijana tunaofanya nao mazoezi wanajiandaa kwa mashindano, na raundi zao za kupigana zinakausha mapaja. Zikiisha, wao wanakwenda kunywa maji, mimi nabaki katikati ya ukumbi nasimama kwa mguu mmoja. Siku ya mtihani huchagui utaitwa saa ngapi wala ukiwa na nguvu kiasi gani. Mbao za kuvunja nilizifanyia mazoezi kiasi. Teke la pembeni nilikuwa nalo tangu zamani.

Siku yenyewe nilikula viazi vitamu na chai asubuhi, basi. Ilipotolewa amri ya sijak, yaani "anza", nilianza, na nilipofika kwenye mguu mmoja nilibana sakafu kwa kidole gumba nikavuta pumzi. Mguu ulikaa. Kutoka hapo kuna kushuka kwa kishindo, mguu unakanyaga huku mikono yote miwili imeinuliwa, na nilikanyaga kwa furaha ambayo nadhani watahini waliisikia.

Sasa ninavaa mkanda wa dan ya tatu. Kwa dan ya nne ni kungoja miaka 3, na pumsae ya kuandaa ni Taebaek. Hiyo ina mateke, na nimeshaanza nayo, polepole, kwenye mchanga uleule.