Nilivyochagua kaliba ya mtutu mpya wa Mauser ya baba mdogo

Bunduki yenyewe ni Mauser 98 ya kiwanda cha FN cha Ubelgiji, kaliba (yaani aina na ukubwa wa risasi inayopiga) .30-06. Bamdogo aliipata mwishoni mwa miaka ya sitini akiwa Makambako, akawinda nayo mpaka magoti yakakataa pori, ndipo akanikabidhi, tukapita polisi na taratibu zote, kibali kikawa kwa jina langu. Kitako kizima, bolti, ile komeo ya chuma inayofungia risasi, inateleza safi kabisa, yaani ukiishika unajua hii kitu ilitengenezwa na watu waliotulia. Shida ilikuwa ndani ya mtutu.

Nilienda kuipima kwenye shabaha mita 100, nimeegemeza kwenye mfuko wa mchanga, sina haraka, risasi tano zikatawanyika upana wa sahani ya wali. Nikarudia kesho yake nikabadilisha na darubini, yale yale. Sasa kwa karatasi siyo tatizo, ila mnyama ukimpiga kwa bunduki ya hivyo anaondoka na risasi ya tumbo anaenda kufia mbali kwa mateso, na mimi hilo siliwezi.

Nikaipeleka Mbeya kwa fundi mmoja mzee mwenye leseni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku tayari anatoa bolti, akamulika tochi kwa nyuma akachungulia muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, humu mifereji imebaki jina, kilichopo ni mashimo." Mifereji ni ile michirizi ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa cha risasi kiende sawa. Akaniuliza bamdogo alikuwa anapiga risasi gani. Nikamwambia nakumbuka vile vikasha vya zamani vya kijeshi. Akatikisa kichwa. Akanielewesha kwamba fataki, yaani kile kidude cha kuwasha baruti, za risasi za kijeshi za zamani zilikuwa na kemikali ambayo ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ile inavuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi hata ukipaka kila siku, dawa yake ilikuwa maji ya moto siku ile ile uliyopiga, kisha unakausha ndo unapaka mafuta. Bamdogo alikuwa anapitisha kitambaa na mafuta kwa uaminifu miaka yote, na Makambako unaijua, ukungu na baridi, chumvi ikafanya kazi yake taratibu. Iliniuma kwa sababu mzee ameitunza kwa moyo wote, hakuna aliyemwambia habari ya maji.

Basi mtutu mpya hauepukiki. Na ukishasema mtutu mpya swali linakuja lenyewe, kwa nini usibadilishe na kaliba kabisa?

Mimi moyo ulikuwa kwenye .375 H&H. Sifichi. Hiyo risasi ipo tangu 1912, inarusha kichwa cha grein 300 (grein ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) kwa kama mita 770 kwa sekunde, na huku kwetu ukitaka nyati ofisa wanyamapori atakwambia .375 ndo pa kuanzia, chini ya hapo usimsogelee. Nikawa najiona kabisa niko Chunya huko mbele kuelekea Rungwa na bunduki moja inayomaliza kila kitu, swala mpaka nyati.

Fundi hakunibishia, alichukua tu kipimo akaanza kupima mbele yangu. Risasi nzima ya .30-06 kutoka kitako chake mpaka ncha ni milimita 84.8. .375 ni 91.4. Magazini ya hii Mauser imetengenezwa kwa ya kwanza, kwa hiyo kuingiza ya pili lazima ukate chuma mbele na nyuma, na kule mbele unakokata ni jirani kabisa na pale jino la chini la bolti linapoegemea, ndo panapobeba nguvu yote ya mlipuko. Halafu uso wa bolti umechongwa kwa ganda la kitako cha milimita 12, la .375 ni 13.5, nao unachongwa upya, na kile kikucha cha kuvutia ganda unakigusa pia. Akasema mafundi wameshafanya Mauser nyingi hivyo duniani na zinapiga mpaka leo, "ila mimi kwa bunduki ya baba yako mdogo, chuma cha zamani, mkono wangu hautaki." Fundi akikwambia mkono wake hautaki kazi ya hela, msikilize.

Nikahamia .300 Winchester Magnum. Hii urefu haina neno, ilitengenezwa 1963 makusudi iingie kwenye bunduki za urefu wa .30-06. Lakini kitako chake ni kile kile kipana cha 13.5, kwa hiyo bolti inachongwa vile vile, na midomo ya magazini inapanuliwa ili zipande vizuri. Na faida yake nini? Kichwa cha grein 180 kinatoka na kama mita 900 kwa sekunde badala ya 820 na ushee. Sasa nikajiuliza kwa ukweli mimi nawapiga wanyama umbali gani, nikakumbuka wote niliowahi kuwapata, kwenye miombo ile huoni mita 200 labda mara moja moja mbugani, wengi ni 80, 100, 120. Ningelipia kasi ambayo miti haitaniruhusu niitumie, na bega lingelipia pia.

Iliyonitesa kweli kweli ni 9.3x62. Hii ilibuniwa na fundi wa Berlin, Otto Bock, mwaka 1905, kwa ajili ya Mauser 98 hii hii na kwa ajili ya walowezi na wawindaji waliokuwa Afrika, na wakati huo Iringa na nyanda hizi zote zilikuwa chini ya Wajerumani. Kitako chake kinakaribiana kabisa na cha .30-06, uso wa bolti huugusi, magazini huigusi sana, unafunga mtutu na kuhakikisha zinapanda basi. Kichwa grein 286, mita kama 720 kwa sekunde, kinapiga kizito bila kukuvunja bega. Kwa pofu sidhani kama kuna kitu kizuri zaidi. Lakini milimita 9.3 ukiigeuza kwa inchi ni .366, kwa hiyo kwa nyati haifiki ile .375 inayotakiwa, namba tu, nyama ya mnyama haijui tofauti ila sheria inajua. Kwa hiyo ningebadilisha kaliba, nibadilishe na kibali, na nyati bado nisimpate.

Na hapo kuna risasi zenyewe. Unauziwa kwa kaliba iliyo kwenye kibali chako, na siyo kila duka linaweka kila kitu. Nikapiga simu Dar, nikapiga Arusha. .30-06 ipo, .375 ipo. 9.3 mmoja akaniambia zilikuwepo mwaka jana, mwingine akaniuliza nirudie hiyo namba.

Nilienda Makambako kumwambia bamdogo. Akasikiliza yote, .375, 9.3, milimita, akaniuliza swali moja, "Mwanangu, tangu uanze kuwinda ni mnyama gani alikukimbia kwa sababu risasi ilikuwa ndogo?" Nikafikiri. Walionikimbia walikimbia kwa sababu nilipiga vibaya au sikupiga kabisa. Usiku ule ule nikaamua, .30-06 inarudi pale pale.

Utaratibu uliobaki nauandika kifupi. Kwanza polisi, barua ya matengenezo, kwa sababu mtutu nao ni sehemu ya silaha na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mchezo, usije ukaagiza kitu ndo ukaanza kujieleza. Kaliba haikubadilika kwa hiyo kibali hakikuguswa, hilo pekee liliniokoa safari nyingi. Mtutu uliagizwa kupitia muuzaji mwenye leseni, inchi 24, mifereji inazunguka mara moja kila inchi 10, ndo kawaida ya .30-06 na inashika vizuri kuanzia grein 150 mpaka 220. Fundi alifunga akapima nafasi ya chemba, pale risasi inapokaa, kwa geji zake mbili, moja bolti inatakiwa ifunge na nyingine isifunge, na alinionyesha zote kwa macho yangu. Usipokee bunduki kama hujaonyeshwa hicho kitu.

Nilichagua grein 180, nikaiweka sentimita 5 juu kwenye mita 100 ili ikae katikati kwenye 200. Risasi tano za mwisho zilikaa ndani ya kifuniko cha chupa ya chai. Ile karatasi nilimpelekea bamdogo, ameibandika ukutani juu ya kitanda.

Septemba upande wa Chunya nikiwa na leseni nilipata kuro dume, mita kama 110, amesimama ubavu. Alitembea hatua chache akalala. Kichwa cha risasi tulikikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, kimefunguka vizuri, nikakiosha nikakitia mfukoni, na jioni ile kambini kabla ya kula nikasugua mtutu kwa brashi na dawa japo risasi za siku hizi hazina ile chumvi.